Dunia Isiyomjua Profesa

Hotuba iliyotolewa mbele ya wachoraji wa katuni na wasomaji wao. Imehaririwa kidogo ili isomeke.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu wa sanaa, wachoraji wenzangu, nanyi wasomaji mliokuja na vitabu vyenu mkononi: habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie dunia baada ya kiama katika katuni za mashujaa. Mada ni pana kuliko muda niliopewa. Kwa hiyo nitaikalia hadithi moja, nyingine nitazigusa tu nikipita. Hadithi yenyewe ni Age of Apocalypse, iliyotolewa na kampuni ya Marvel mwaka 1995, katika magazeti ya X-Men.

Nina sababu ya kuichagua. Wakati naingia nimepita kwenye meza ya kazi zenu vijana. Maghorofa yamepinda, magari yameungua, anga jekundu, na mtu mmoja amesimama katikati na bunduki. Mkono wenu ni mzuri, sitawadanganya, baadhi yenu mnachora kuliko mimi. Lakini nilipofungua kurasa ile miji haikunitisha, nikawa najiuliza kwa nini. Jibu langu ndilo hotuba yenyewe: kifusi hakimuumi msomaji mpaka awe anajua kilichokuwa kimesimama pale, na nani alikuwa akikaa ndani.

Kwa ambao hawajakutana na X-Men, nieleze kwa haraka. Stan Lee na Jack Kirby waliwaanzisha mwaka 1963. Ni watu waliozaliwa na badiliko katika jeni zao, wanaitwa mutanti, na wengi wao uwezo hujitokeza wanapobalehe: huyu macho yake yanatoa miale, yule anasoma mawazo ya watu. Binadamu wa kawaida wanawaogopa. Profesa Charles Xavier, mtu wa kiti cha magurudumu, anawakusanya vijana hawa katika shule yake huko Westchester, jimbo la New York, kwa sababu anaamini mutanti na binadamu wanaweza kuishi pamoja. Magneto, rafiki yake wa zamani, haamini kabisa. Miaka ya mwanzo Magneto alikuwa adui wa kawaida tu, mwenye kofia ya chuma na vitisho vingi. Mwandishi Chris Claremont ndiye aliyempa uzito, pale mwaka 1981 alipomfanya kuwa mtu aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akiwa mtoto. Sasa mtu aliyepitia hayo akikwambia hawaamini majirani zake, utamjibu nini?

Kuna kipande kingine kinachotugusa sisi wa huku. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum waliifufua X-Men iliyokuwa imezimika. Katika toleo lile Xavier anazunguka dunia kutafuta wanafunzi wapya, na mmoja anamkuta Kenya, watu wanamwabudu kama mungu wa mvua. Huyo ni Ororo Munroe, Storm. Mama yake ni Mkenya, baba yake ni Mmarekani mweusi, utoto wake ameupitisha Cairo. Afrika ya kwenye magazeti yale ina kasoro zake, na nikianza kuzitaja hatutoki humu leo. Ila mkumbukeni Xavier akiwa Kenya, amesimama mbele ya yule dada, anamwomba waondoke pamoja.

Sasa tuingie.

Xavier ana mtoto wa kiume, David, anayejulikana kama Legion. Kijana ana uwezo uliopita kiasi, na akili yake imegawanyika kuwa nafsi nyingi. Katika matoleo ya mwishoni mwa 1994 anaamua kumtengenezea baba yake maisha. Kwa hesabu zake, kikwazo cha ndoto ya mzee ni Magneto. Basi anarudi nyuma miaka 20, hadi Israeli, kipindi ambacho Xavier na Magneto bado ni marafiki vijana, waliofahamiana hospitalini Haifa. Anataka kumuua Magneto kabla hajawa Magneto. Anaponyanyua mkono, Xavier anaruka katikati, na pigo linampata yeye. Baba amekufa kabla ya kumzaa muuaji wake, na muuaji anatoweka palepale kwa kuwa hajazaliwa.

Oneni ufundi uliopo hapo. Hakuna bomu lililolipuka, hakuna ugonjwa, hakuna kimondo kilichoanguka kutoka angani. Mwalimu mmoja ameondolewa, shule yake haikufunguliwa. Mengine yote yanafuata kwa mantiki.

Na magazeti yenyewe yalifanya jambo la ajabu. Kabla ya Age of Apocalypse kuanza, hadithi ya kawaida iliishia na dunia nzima ikigeuka fuwele. Msomaji aliporudi dukani hakuikuta Uncanny X-Men, alikuta Astonishing X-Men. Wolverine hakuna, ipo Weapon X. Generation X imekuwa Generation Next. Excalibur imekuwa X-Calibre. Magazeti manane yalisimamishwa na mengine manane yakakaa mahali pao kwa miezi minne. Kitabu kimoja kilifungua, X-Men: Alpha, na kingine kikafunga, X-Men: Omega. Yaani maangamizi hayakuishia ndani ya hadithi, yalifika hadi kwenye rafu ya duka. Msomaji alikuwa ameshika mkononi ushahidi kwamba dunia aliyoizoea haipo.

Tusidanganyane, hiyo ilikuwa biashara pia. Mwaka 1991 toleo la kwanza la gazeti jipya la X-Men liliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, jambo ambalo halijarudiwa. Lakini sehemu kubwa ya wanunuzi wa wakati ule walikuwa wanaweka akiba, wakitarajia bei ipande. Haikupanda, soko likaporomoka. Desemba 1996 Marvel ilikimbilia mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Katika soko hilo linaloporomoka, mhariri Bob Harras na waandishi wake, Scott Lobdell, Fabian Nicieza, Larry Hama, Mark Waid na wenzao, walikuwa wanatafuta kishindo. Mimi sina tatizo na kishindo. Nina tatizo na kishindo kitupu, na hiki hakikuwa kitupu.

Bila Xavier, anayeinuka ni Apocalypse. Huyu ni mutanti wa kale, mzaliwa wa Misri ya maelfu ya miaka iliyopita, aliyebuniwa na Louise Simonson na Jackson Guice mwaka 1986. Imani yake ni fupi: mwenye nguvu aishi, dhaifu afe. Katika dunia ya kawaida anachelewa kuamka, na anapoamka anakuta X-Men wamejipanga. Safari hii vurugu za Legion zimemwamsha mapema na hakuna wa kumzuia. Amerika Kaskazini yote inakuwa yake. Binadamu wanachinjwa kwa zamu, mji baada ya mji. Waliobaki wamejazana Ulaya, baraza lao liko London, na wana mpango wa kuvuka bahari na makombora ya nyuklia wafute kila kitu.

Hiyo ndiyo ramani. Ingekuwa ramani tu, leo tusingekuwa tunaizungumza. Kilichoifanya idumu ni mahudhurio. Waandishi walichukua orodha ya watu ambao msomaji amekaa nao miaka 30, wakamwita mmoja mmoja kwa jina na kumuuliza: wewe bila Xavier, uko wapi?

Cyclops, mwanafunzi wa kwanza, mtiifu kuliko wote: amelelewa na Sinister, mwanasayansi katili anayemtumikia Apocalypse, na sasa ni ofisa katika mazizi ya wafungwa. Jicho moja hana, Logan alilichukua. Logan naye, ambaye sisi tunamwita Wolverine, hana mkono wa kushoto, Cyclops aliuchukua. Msomaji anayewajua watu hawa wawili wakigombana kwa maneno mezani, na wote wawili wakimpenda Jean Grey, anayaona majeraha haya na kuelewa kila kitu bila kuambiwa. Angel, tajiri mwenye mabawa, anaendesha klabu ya usiku Manhattan inayoitwa Heaven na hataki kuegemea upande wowote. Kila dola ya maangamizi ina mtu wa namna hiyo, anayeuza vinywaji kwa wote. Sabretooth, muuaji wa siku zote, hapa yuko upande wa wema, na amemlea binti mdogo, Blink, kama mwanawe.

Halafu Henry McCoy, anayeitwa Beast. Beast tunayemjua ni daktari mcheshi, mpenda vitabu, mtu ambaye ungemwachia mtoto wako amwangalie. Katika mazizi yale McCoy ndiye anayefanya majaribio juu ya miili ya wafungwa. Uso uleule, akili ileile, na ucheshi wake anao, ila sasa anautumia akiwa amemfunga mtu kwenye meza ya chuma.

Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. McCoy anaithibitisha methali hiyo kwa namna inayotisha. Lakini waandishi hawakuishia hapo, na hii ndiyo sababu nawaheshimu: Cyclops anaikataa. Amelelewa na mtu yuleyule mbaya, anavaa sare ileile, ana cheo kizuri, na usiku anawatorosha wafungwa kwa siri. Hakuna aliyemfundisha. Ndani ya hadithi iliyojengwa juu ya wazo kwamba mwalimu mmoja ndiye aliyeizuia dunia isioze, wameweka mtu mmoja aliyekuwa mwema bila mwalimu. Hawalielezi jambo hilo, wanakuachia ugomvi uendelee kichwani mwako.

Na Storm? Hakuna Profesa aliyekwenda Kenya. Tunamkuta Maine, pwani ya Marekani, katika kikosi kidogo cha Magneto, kazi yao kuwalinda raia wanaohamishiwa Ulaya. Wanaobeba raia hao ni Sentinel. Wasomaji wa siku nyingi hapo lazima wasimame kidogo. Sentinel ni maroboti makubwa yaliyoingia katika hadithi hizi mwaka 1965, yametengenezwa kwa kazi moja, kuwawinda mutanti. Hapa yamegeuka mabasi ya wakimbizi na mutanti wanayapigania yaondoke salama. Jopo moja la picha, na miaka 30 ya chuki imegeuzwa juu chini. Ungemwonyesha jopo hilo mtu asiyejua lolote angesema, aa, maroboti.

Niseme na lawama yangu hapo hapo. Kiongozi wa maangamizi haya ni Mwafrika wa Misri. Mmoja wa mashujaa wake ana damu ya Kenya. Hata hivyo, katika magazeti yale manane hakuna hata moja linalokaa Afrika. Wanakwenda Chicago, Seattle, London, wanakwenda Antaktika, wanakwenda hadi kwenye dola za nyota za mbali. Bara letu halina jukwaa. Silisemi kwa kulalamika, nalisema kwa sababu nafasi iko wazi na wenye kalamu mko humu.

Nimewaambia nitakaa mahali pamoja. Mahali penyewe ni Magneto.

Siku ile Haifa, Xavier alikufa kwa ajili yake. Deni la namna hiyo halilipiki. Magneto akaamua kuibeba ndoto ya marehemu: akakusanya vijana, akawaita X-Men, akaanza kuwafundisha yale ambayo katika dunia yetu amekuwa akiyapinga maisha yake yote. Amemwoa Rogue. Wana mtoto wa kiume, na jina la mtoto ni Charles.

Rogue wa dunia ya kawaida ni msichana asiyeweza kumgusa mtu. Ngozi yake ikikugusa inavuta uhai wako na kumbukumbu zako. Kwa miaka mingi huzuni yake ilikuwa hiyo, na wasomaji waliizoea kama wimbo. Katika dunia iliyoangamia, katikati ya mazizi na moshi, ana mume na amezaa.

Anatokea Bishop, mzururaji anayeonekana mwendawazimu, mtu pekee anayekumbuka dunia ilivyokuwa. Anamwambia Magneto: yote haya ni makosa. Yupo aliyetakiwa kuishi akafa. Ipo njia ya kurudi pale Haifa na kuzuia. Magneto anaangalia kote, anaona yule mtu anasema kweli, na anaelewa maana yake. Dunia ikirekebishwa, mamilioni waliochinjwa watakuwa hai. Mtoto wake hatakuwa amezaliwa, wala hatakuwepo mtu wa kumkumbuka.

Watu hawa wanapigana, wanakufa mmoja mmoja, ili wao wenyewe wasiwahi kuwepo. Nitafutieni hadithi nyingine ya mashujaa yenye bei hiyo. Katika gazeti la kawaida shujaa akifa msomaji anatabasamu, anajua mwakani atarudi. Mhusika ni mali ya kampuni na mali haiachwi ikapotea. Dunia mbadala ndiyo mahali pekee ambapo mwandishi wa kuajiriwa anaruhusiwa kulipa deni taslimu. Ndiyo maana kule Seattle, katika kurasa zilizochorwa na Chris Bachalo, Colossus anamwokoa dada yake Illyana, anageuka, na kuwaacha wanafunzi wake wote ndani ya kiwanda wakati mlango unafungwa. Wale ni watoto wa shule aliyokuwa akiifundisha. Lobdell hakuwatolea mlango wa nyuma.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hadithi hii ina mama yake. Mwaka 1981, katika matoleo mawili tu ya Uncanny X-Men, namba 141 na 142, Claremont na John Byrne walitupeleka mwaka 2013. Sentinel wanatawala Marekani. Mutanti waliobaki wako kambini Bronx Kusini, na makaburi ya mashujaa yamepangwa kwa safu. Watu wamegawanywa kwa herufi: H ni binadamu safi, anaruhusiwa kuzaa; A ana dalili, haruhusiwi; M ni mutanti. Matoleo mawili! Kwenye jalada la kwanza kuna bango lenye sura za mashujaa wote, na juu ya kila sura imeandikwa kama amekamatwa au ameuawa. Bango lile limefanya kazi kuliko kurasa mia za majengo yanayoanguka, maana kila sura ulikuwa unaijua.

Mtu ataniuliza: na Kamandi je? Swali zuri. Mwaka 1972 Jack Kirby, akiwa kampuni ya DC, alianzisha hadithi ya mvulana wa mwisho duniani, baada ya Maafa Makuu. Anatoka kwenye handaki, anakuta chui milia na sokwe wanaosema na kumiliki majeshi, na binadamu wamekuwa mifugo. Hakuna dunia ya zamani ya katuni ya kulinganisha nayo. Hadithi imeanza na kifusi moja kwa moja, na bado ilifika toleo la 59. Je, kanuni yangu imevunjika? Angalieni jalada la toleo la kwanza. Kamandi yuko kwenye boti ya mpira, New York imezama, Sanamu ya Uhuru imeinama majini. Kirby hakuhitaji miaka 30 ya magazeti kwa sababu alitumia mji ambao msomaji alikuwa anaujua tayari. Msomaji alileta nusu ya kwanza kutoka nyumbani.

Ninyi mnaochora mtakuwa mmeshanielewa ninakoelekea. Msomaji wenu wa Dar es Salaam anaijua Kariakoo. Anaijua sanamu ya Askari, anajua foleni ya kivuko asubuhi, anajua mama fulani anayekaanga mihogo pembeni ya kituo. Ghorofa lisilo na jina likianguka kwenye ukurasa wenu hasikii kitu. Lakini mchoreeni yule mama kurasa kumi kwanza, akidai hela zake, akisengenya wateja. Kisha mruke miaka mitano mbele na mtuonyeshe amekuwa nani. Nani anamlipa? Nani anamwogopa? Hilo ndilo swali walilouliza kwa Cyclops na McCoy, na halihitaji anga jekundu.

Turudi tumalizie. Katika Omega, Bishop anafika Haifa na anamzuia Legion. Kwenye dunia ile nyingine makombora yameshatua. Magneto amempasua Apocalypse vipande viwili, amemkumbatia mke wake na mtoto, na mwanga unawafunika. Mwisho ulikuwa hapo, na ulikuwa mwisho mzuri.

Kampuni haikuweza kuuacha. Mwaka 2005, kuadhimisha miaka kumi, walifungua kaburi: ikaelezwa kwamba kumbe dunia ile iliokolewa na ikaendelea. Mwaka 2012 ikapewa gazeti lake la kila mwezi. Mimi nilivisoma, na sitawakataza kuvisoma, lakini kila ukurasa wa nyongeza ulikuwa unamrudishia Magneto chenji ya pesa aliyokwisha kuilipa. Kama walikuwa wamenusurika, ile kumbatio ilikuwa ya nini?

Nyongeza moja tu ninaikubali, na ilifanywa mapema. Wakati dunia ile inavunjika, watu wanne walipenya wakaingia katika dunia ya kawaida. Nate Grey, kijana aliyekuzwa maabara na Sinister kutokana na chembe za Cyclops na Jean, alipata gazeti lake lililodumu matoleo 75, hadi 2001. Holocaust na Sugar Man ni wabaya wa kawaida, tuwaache. Wa nne ni McCoy, yule wa mazizini. Mwaka 1996 anamkamata Beast mwema, anamjengea ukuta wa matofali na kumfungia ndani yake akiwa hai, kisha anaingia nyumbani kwa X-Men akiwa amechukua nafasi yake. Anakaa nao, anafanya kazi nao maabara, anacheka nao. Watu waliosoma na McCoy tangu utotoni, mmoja wao akiwa msoma mawazo, hawakugundua kwa muda mrefu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko yote, na inatokea kwenye nyumba safi, yenye umeme na chakula mezani, bila jiwe moja lililoanguka.

Nimemaliza upande wangu. Kipaza sauti kiko kule kwa dada aliyesimama karibu na mlango; wa kwanza naona ni kijana mwenye fulana nyeusi. Karibu.